Dhahabu yenye shaba: namna ya kuichenjua bila kumaliza sianidi

Wanaoanza huuliza maswali yale yale. Mbona sianidi kilo 2 kwa tani imekwisha ndani ya saa nne? Mbona kaboni (makaa yanayonyonya dhahabu kutoka kwenye maji ya sianidi) ni nzito lakini dhahabu haimo? Mbona mkuo (donge la dhahabu iliyoyeyushwa) umetoka mwekundu kama waya wa umeme? Chanzo ni kimoja: jiwe lina shaba, na mtu amemwaga sianidi kabla ya kujua ni shaba ya aina gani. Mwongozo huu ni wa mwenye kinu, matangi machache na maabara anayoweza kuipelekea sampuli. Usiruke hatua ya 2 na ya 4. Nyingine zote zinategemea hizo.

Nadharia ya kutosha tu

Sianidi haiichagui dhahabu peke yake. Jiwe lenye dhahabu gramu 5 kwa tani na shaba 0.15% lina gramu 1,500 za shaba katika tani hiyo, yaani mara 300 ya dhahabu. Kila kilo ya shaba inayoyeyuka hufunga takriban kilo 2.3 za sianidi ya sodiamu. Shaba ya kijani na ya bluu huzidisha hasara, kwa kuwa sehemu ya sianidi hugeuka kuwa sianati, isiyoyeyusha dhahabu tena. Kwa hiyo piga hesabu kwa kilo 2.7.

Jambo la kushika ni hilo la kuyeyuka. Katika sianidi ya 0.1%, azuriti na malakiti (ile shaba ya bluu na ya kijani) huyeyuka kwa asilimia 90 au zaidi, kalkositi karibu 90, borniti karibu 70. Krisokola huyeyuka kama asilimia 12 na kalkopiriti kama 6 tu. Basi mawe mawili yanaweza kuwa na shaba 0.5% kila moja, la malakiti likala kilo 12 za sianidi kwa tani na la kalkopiriti lisifikishe hata kilo 1. Asilimia ya shaba yote kwenye cheti cha maabara, ikiwa peke yake, haikuambii chochote kuhusu gharama yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya pH iliyosawazishwa kwa pH 7 na 10. Karatasi za rangi ni za dharura tu.
- Mizani ya kusoma gramu 0.01, silinda ya kupimia, bureti, na chujio la mikroni 75.
- Nitrati ya fedha, gramu 1.733 katika lita 1 ya maji safi, na iodidi ya potasiamu ya 5%.
- Chokaa iliyozimwa, sianidi ya sodiamu, asidi ya salfuriki, amonia kidogo.
- Chupa za lita 2.5 hadi 4 na roli za kuzizungusha.
- Kipimo cha gesi ya sianidi kinachovaliwa kifuani, kikiwekwa kulia kwenye sehemu 4.7 kwa milioni.
- Miwani, glavu za mpira, aproni, bomba la kuosha macho, oksijeni, na makubaliano na kituo cha afya kilicho karibu kuhusu dawa ya kuondoa sumu ya sianidi. Makubaliano hayo yafanywe kabla, si siku mtu ameanguka.
- Kibali cha kutunza na kutumia sianidi kwa mujibu wa sheria za nchi yako.

Gesi ya sianidi huzaliwa pH inaposhuka. Kwenye pH 9.2 nusu ya sianidi iliyo huru iko katika hali ya gesi, na kwenye 10.5 imebaki kama asilimia 5. Usitegemee pua, maana kuna watu wasioweza kabisa kuinusa. Kazi ya sianidi haifanywi na mtu mmoja. Na aliyeanguka hapuliziwi hewa mdomo kwa mdomo: mtoe kwenye hewa safi, mpe oksijeni, muite mhudumu.

Hatua ya 1: Chukua sampuli kwa tabaka

Mashimo mengi yana kanda tatu. Juu kuna mwamba uliooza wenye malakiti na azuriti. Karibu na usawa wa maji hukaa kalkositi na koveliti, nyeusi au ya buluu iliyoiva, yenye masizi. Chini kuna kalkopiriti, njano kama brasi iliyong'arishwa. Kanda ya kati ndiyo inayoua mitambo, maana mchimbaji huiingia taratibu bila kujua, huku jiwe likionekana lile lile kwa mbali.

Kila kanda ichukuliwe peke yake, kilo 30 hadi 50. Ponda yote, changanya, gawa robo kwa robo hadi zibaki kilo 5. Usiokote mawe mazuri kwa jicho, wala usiache unga wa chini ya lundo, kwa sababu madini ya shaba yaliyooza ni laini na hukusanyika kwenye unga.

Hatua ya 2: Tambua shaba yako

Kipimo cha haraka: weka gramu 5 za unga kwenye glasi, ongeza mililita 20 za asidi ya salfuriki ya 10%, subiri dakika kumi, chuja. Dondoshea amonia kidogo kidogo. Chuma kitaganda kwa rangi ya kahawia. Maji yakiwa bluu iliyokolea, shaba ipo na inatoka kwa asidi. Angalia pia kama unga ulitoa mapovu ulipoguswa na asidi. Hiyo ni dalili ya mawe ya chokaa, na utaihitaji taarifa hiyo kwenye hatua ya 7.

Onyo: usifanye kipimo hiki kwenye marudio (mabaki ya uchenjuaji) au mchanga wowote uliowahi kuguswa na sianidi. Asidi juu ya mabaki ya sianidi ni gesi ya kuua.

Maji yasipokuwa bluu usishangilie. Kalkopiriti haionekani kwa kipimo hiki, na kalkositi huonekana nusu nusu. Hivyo peleka maabara na uombe namba nne: dhahabu kwa kipimo cha moto (sampuli huyeyushwa tanurini), shaba yote, shaba inayoyeyuka kwa asidi, na shaba inayoyeyuka kwa sianidi.

Hapa wengi huteleza. Maabara nyingi hupima kwa mfuatano: huanza na asidi, kisha sianidi juu ya kilichobaki. Ukisoma namba ya sianidi peke yake utadhani jiwe ni jepesi, kumbe malakiti yote ilishaondolewa na asidi. Ama omba kipimo cha sianidi moja kwa moja juu ya sampuli mbichi, ama jumlisha namba hizo mbili. Kama jiwe lina krisokola nyingi jumla hiyo itazidi ukweli, lakini ni heri kukosea upande huo.

Hatua ya 3: Toa kwanza dhahabu inayoonekana

Saga hadi milimita 1 au chini, pitisha kwenye mialo (mifereji ya kunasa dhahabu), meza ya kutikisa au mashine ya kuzungusha. Dhahabu ina uzito wa 19.3 na kalkopiriti 4.2, zinaachana bila shida. Shaba asilia, yenye 8.9, itakufuata mezani ikiwa vipande vyekundu laini.

Kila gramu unayoitoa hapa ni gramu isiyohitaji kugombea sianidi na shaba, na chembe nene zingechelewa kuyeyuka hata hivyo. Zebaki usiiweke. Kwenye mwamba wenye shaba na salfaidi (madini yenye kiberiti) huvunjika kuwa vitone visivyoshikana, hupotea na mchanga, kisha huingia kwenye tangi la sianidi na kuyeyuka humo. Utakuwa umenunua matatizo mawili kwa bei ya moja.

Hatua ya 4: Jaribio la chupa

1. Saga sampuli hadi asilimia 80 ipite chujio la mikroni 75.
2. Weka kilo 1 kwenye chupa na lita 1.5 za maji yale yale utakayotumia mtamboni.
3. Ongeza chokaa, anza na gramu 1 hadi 2. Zungusha nusu saa, pima pH. Endelea hadi itulie kati ya 10.5 na 11. Andika kiasi cha chokaa.
4. Ndipo uweke sianidi gramu 3, sawa na gramu 2 kwa lita.
5. Kwenye saa ya 2, 4, 8, 24 na 48, simamisha, acha itulie, chukua mililita 20 za maji safi ya juu na uyachuje. Mililita 10 ni za kupima sianidi, zilizobaki ni za maabara kwa dhahabu na shaba. Rudisha maji na sianidi iliyopungua hadi kiwango cha mwanzo, na andika kila ulichoongeza.
6. Mwishoni osha mchanga, kausha, pima dhahabu iliyobaki.

Kupima sianidi: kwenye mililita 10 ongeza matone matano ya iodidi, dondosha nitrati ya fedha taratibu, na usimame ukungu wa njano unapobaki bila kufutika. Kila mililita 1 ya nitrati ni gramu 0.1 ya sianidi kwa lita.

Sasa hesabu. Tuseme jumla uliyoweka ni gramu 5.6, na mwishoni imebaki gramu 0.8 kwa lita, yaani 1.2 katika lita 1.5. Zimeliwa gramu 4.4 kwa kilo, sawa na kilo 4.4 kwa tani. Maabara inasema maji yana shaba miligramu 1,000 kwa lita: gramu 1.5 kwa jumla. Zidisha kwa 2.7, unapata 4.05. Karibu sianidi yote imeliwa na shaba, na ukiishughulikia shaba umeshughulikia bili. Kama hesabu ya shaba ingekuwa 1 tu kati ya 4.4, mwizi angekuwa mwingine, mara nyingi pirotiti (salfaidi ya chuma) au pH isiyotulia, na sehemu kubwa ya mwongozo huu isingekusaidia.

Hatua ya 5: Chagua njia

Tumia shaba inayoyeyuka kwa sianidi, si shaba yote.

- Chini ya 0.05%: sianidi moja kwa moja, hatua ya 6.
- Kati ya 0.05% na 0.3%: piga hesabu pande zote. Shaba ikiwa iliyooza na mwamba hautoi mapovu, fikiria asidi, hatua ya 7. Ikiwa salfaidi, fikiria povu, yaani kuielesha shaba kwa povu, hatua ya 8.
- Zaidi ya 0.3%: usiingize kwenye sianidi kama ilivyo. Ni nadra dhahabu kulipia.
- Shaba yote ni 0.5% au zaidi na ni kalkopiriti: povu kwanza, hata kama sianidi ingewezekana, kwa sababu shaba yenyewe sasa ni bidhaa.

Mipaka hiyo ni ya kuanzia. Jiwe la gramu 20 kwa tani hubeba gharama ambayo jiwe la gramu 2 haliwezi.

Hatua ya 6: Sianidi moja kwa moja

Saga, weka chokaa, subiri pH itulie kwenye 10.5 hadi 11 kwa saa moja kamili, kisha sianidi. Puliza hewa. Oksijeni ndani ya maji ibaki juu ya miligramu 6 kwa lita kama unaweza kuipima.

Siri yote ya tangi lenye shaba ni uwiano wa sianidi kwa shaba ndani ya maji. Sianidi yote, pamoja na ile iliyoshikwa na shaba, iwe angalau mara 3.1 ya shaba kwa uzito. Lenga 3.5 hadi 4. Maji yakiwa na shaba miligramu 400 kwa lita, basi yawe na sianidi gramu 1.4 hadi 1.6. Uwiano ukishuka, shaba hugeuka kuwa umbo linalopenda kaboni na kukalia nafasi ya dhahabu. Ukiwa juu, shaba hubaki kwenye maji na kaboni huiachilia.

Kupima kwa iodidi kunadanganya kwenye maji ya shaba. Nitrati ya fedha hunyang'anya sehemu ya sianidi iliyoshikwa na shaba, kwa hiyo bureti inaonyesha sianidi huru nyingi kuliko iliyopo. Usomaji wa gramu 0.3 unaweza kuwa karibu na sifuri. Ndiyo maana inabidi upime shaba ya maji walau mara moja kwa kila tangi na kutawala kwa uwiano.

Kubana sianidi ili shaba isiyeyuke ni ushauri unaozunguka sana. Unafanya kazi maabara, kwa mtu anayepima kila saa. Mtamboni huishia na dhahabu iliyochelewa na kaboni iliyojaa shaba.

Kwenye matangi ya kuchuja kwa mchanga uliotulia, kosa kubwa ni kurudisha maji yale yale mzunguko baada ya mzunguko. Shaba haitoki, inajilimbikiza tu. Toa sehemu ya maji kila mzunguko, yasafishe kwa hatua ya 11, weka mapya.

Hatua ya 7: Kuosha kwa asidi kabla ya sianidi

Ni kwa malakiti, azuriti na krisokola. Kalkositi haitoki yote kwa asidi tupu, na kalkopiriti haitikisiki.

Hesabu kwanza. Kilo 1 ya shaba iliyooza hula kilo 1.54 za asidi ya salfuriki. Kilo 1 ya mawe ya chokaa hula kilo 0.98. Jiwe la shaba 0.5% linahitaji kilo 7.7 kwa tani, lakini likiwa na 2% tu ya mawe ya chokaa, hayo yatakula karibu kilo 20 zaidi. Mapovu yale ya hatua ya 2 ndiyo yanayoamua kama njia hii ipo au haipo.

1. Tumia tangi la plastiki nzito au faibaglasi. Chuma kitaliwa.
2. Tengeneza tope la asilimia 30 hadi 40 ya mchanga. Asidi huingizwa kwenye maji polepole. Maji hayamiminwi kwenye asidi kamwe.
3. Shikilia pH 1.5 hadi 2 kwa saa 4 hadi 8 ukikoroga. Ikikaa saa nzima bila kupanda, kazi imekwisha.
4. Toa maji ya bluu. Osha mchanga kwa maji safi mara tatu au zaidi, hadi pH ya maji ya kuoshea ipite 4 na msumari safi ukizamishwa humo kwa dakika tano usipate wekundu.
5. Hamisha mchanga. Ongeza chokaa hadi 10.5, koroga saa 2, pima tena. Ikishuka, ongeza. Sianidi isikaribie tangi kabla pH haijakaa palepale saa nzima.

Onyo: pampu, mabomba na ndoo za asidi ziwe zake, zenye rangi tofauti, na upande wake wa eneo. Valvu moja iliyosahaulika wazi kati ya pande hizi mbili inatosha kuua zamu nzima.

Maji ya bluu usiyamwage. Yapitishe kwenye vyuma chakavu visivyo na rangi wala mafuta, kwenye pH karibu 2, nayo shaba itaganda juu ya chuma. Kwa nadharia kilo 0.88 za chuma hutoa kilo 1 ya shaba. Kwa vitendo weka mara mbili. Kazi hii hutoa hidrojeni, kwa hiyo iwe nje na pasiwe na moto. Na kama mwamba una aseniki, usiifanye kabisa: chuma na asidi pamoja na aseniki huzaa arsini, gesi inayovunja chembe za damu.

Hatua ya 8: Njia ya povu

Saga hadi asilimia 80 ipite mikroni 100 hivi, tope la asilimia 30 hadi 35. Chokaa hadi pH 9.5 hadi 10.5 ili piriti (salfaidi ya chuma isiyo na shaba) izame. Zanthati (kemikali inayofanya madini yashikamane na povu) gramu 20 hadi 60 kwa tani, koroga dakika tano. Kitoa povu gramu 15 hadi 30 kwa tani. Kusanya povu dakika 8 hadi 15, kisha lirudie tena bila kuongeza zanthati ili makinikia (unga wa madini uliokusanywa na povu) yasafike.

Chokaa nyingi huzamisha pia dhahabu huru na ile iliyomo kwenye piriti. Ukiona dhahabu inabaki kwenye mchanga ilhali shaba inatoka vizuri, shusha pH kwa 0.5 kabla ya kugusa kitu kingine.

Zanthati iyeyushwe kila siku ikiwa mpya, na isikutane na asidi, maana huvunjika na kutoa mvuke unaowaka. Malakiti haielei kwa zanthati peke yake, usipoteze siku kuilazimisha.

Makinikia huuzwa kwa wenye tanuri, wanaolipia shaba na dhahabu na kukata kwa ajili ya aseniki, zebaki na unyevu. Pima aseniki kabla ya kupanga bei. Mchanga uliobaki urudishe hatua ya 4. Mara nyingi shaba imepungua kiasi cha kuruhusu sianidi ya kawaida.

Zipo njia nyingine: sianidi pamoja na amonia, glisini, na ule mtambo wa kugandisha shaba kwa salfaidi na kurudisha sianidi kazini. Zote ni za kweli, na ya mwisho inaokoa fedha nyingi kwenye migodi mikubwa. Zinataka mkemia wa kudumu. Usianze nazo.

Hatua ya 9: Kaboni na kuiosha

Kaboni yenye shaba isipelekwe moja kwa moja kwenye maji ya moto.

Anza na maji baridi: sianidi ya 1 hadi 3% yenye kostiki soda kidogo, pH 12, joto la kawaida. Yapitishe taratibu kwa saa kadhaa. Shaba itashuka, dhahabu itabaki kwa sababu yenyewe hutaka joto. Pima maji yanayotoka. Shaba ikishapungua na kutulia, suuza kwa maji mengi, kisha endelea na kawaida yako: kostiki soda 1%, sianidi 0.1 hadi 0.2%, nyuzi 95 kwa saa 36 hadi 72, au muda mfupi zaidi kama chombo ni cha shinikizo. Maji ya baridi yaliyojaa shaba na sianidi yanaweza kurudi kwenye tangi, mradi uyahesabu kwenye uwiano.

Asidi ya kuondoa chokaa kwenye kaboni ije baada ya suuza, si kabla. Ukianza na asidi, sianidi iliyoshikwa na shaba hutoka kama gesi, na shaba huganda kuwa unga mweupe ndani ya vitundu vya kaboni.

Wanaotumia zinki badala ya kaboni waangalie vipande vyao: shaba hujipaka juu ya zinki na kuizuia kufanya kazi. Sianidi huru ya kutosha na maji yasiyo na hewa ndiyo dawa.

Hatua ya 10: Kuyeyusha

Osha masalia ya katodi (dhahabu iliyogandishwa kwa umeme kutoka kwenye maji ya kuoshea kaboni) hadi yasiwe na sianidi hata chembe. Ndipo, kama shaba ni nyingi, uyachemshe kwa asidi ya nitriki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, nje au chini ya kifyonza moshi. Ule moshi wa kahawia huharibu mapafu saa kadhaa baada ya kuvutwa. Suuza, kausha, yeyusha na boraksi, magadi soda, silika na nitrati kidogo. Nitrati huipeleka sehemu ya shaba kwenye takataka ya juu. Usiing'ang'anie yote. Mkuo wenye shaba chini ya asilimia 5 uuze kwa kipimo, kwa kuwa kuusafisha zaidi hugharimu dhahabu inayobaki kwenye takataka.

Hatua ya 11: Kuua sumu ya maji na tope

Jua huondoa sianidi huru, lakini iliyoshikwa na shaba hukaa muda mrefu. Usipime sianidi huru ukaridhika. Pima pia ile iliyoshikwa kwa ulegevu, ambayo ndiyo inayoua ndege na mifugo. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sianidi inataka isizidi miligramu 50 kwa lita kwenye maji yaliyo wazi kwa wanyama. Sheria ya nchi yako inaweza kubana zaidi.

Tumia sodiamu metabisalfaiti, gramu 4.5 hadi 7.5 kwa kila gramu ya sianidi, huku ukipuliza hewa kwa nguvu na kushikilia pH 8 hadi 9 kwa chokaa. Iongezwe pole pole: pH hushuka kila unapoiweka, na hapo ndipo gesi hutoka. Kazi hii huhitaji shaba kama kichocheo, na kwako tayari ipo.

Mambo yakiharibika

*Sianidi inakwisha saa mbili za kwanza, kisha inatulia.* Ni malakiti au kalkositi. Umeingia kanda mpya ya mwamba. Simamisha kulisha, rudi hatua ya 2.

*Bureti inaonyesha sianidi ipo, dhahabu haitoki.* Iodidi inakudanganya. Pima shaba ya maji na uangalie uwiano.

*Tangi limefanya ukungu mweupe.* pH imeshuka na shaba inaganda pamoja na sianidi. Ondoa watu upande upepo unakoelekea, soma kipimo cha gesi, ongeza chokaa kutoka mbali.

*Baada ya kuosha kwa asidi chokaa haitoshi, pH inarudi chini kila saa.* Mchanga haukusuuzwa. Chokaa zaidi itageuka jasi na kuziba kila kitu. Suuza tena.

*Mkuo umepasuka na una tabaka jeusi linalong'aa chini ya takataka.* Salfaidi iliingia kwenye tanuri. Tabaka hilo lina dhahabu: lisage, likaange hadi harufu ya kiberiti iishe, yeyusha upya.

*Dhahabu inapita kwenye safu ya kaboni na kutokea upande wa pili.* Kaboni imejaa shaba. Usiongeze kaboni mpya juu yake. Pandisha sianidi hadi uwiano wa 4 na pH hadi 11, subiri saa 12, pima tena maji ya kutokea. Shaba itakuwa inaachia na dhahabu inaingia mahali pake. Isipoachia, toa kaboni yote, ioshe kwa maji baridi ya hatua ya 9, uirudishe kazini. Maji yaliyokwisha kupita yahifadhi kwenye tangi lingine, bado yana dhahabu yako.